Kisa cha gego la chini: karafuu ilituliza, jino likafa, mwenyewe akajua amepona

Naandika hiki kisa kwa ruhusa ya mwenyewe, jina lake silitaji, ni dada wa miaka 30 na kitu anauza mitumba soko la Memorial hapa Moshi na anaishi Pasua, mimi nina duka la dawa muhimu mitaa hiyohiyo kwaiyo ni mteja wangu wa siku nyingi. Nimeamua kukichambua chote mwanzo mpaka mwisho maana watu wanaokuja dirishani wameshika shavu ni wengi sana, na wengi wanapita njia ileile aliyopita yeye, na kuna sehemu moja katikati ya hiyo njia ambapo watu wanapotea. Hawapotei kwa sababu dawa za nyumbani ni mbaya, hapana, zingine zinafanya kazi kabisa na nitazitaja, wanapotea kwa sababu maumivu yakikata wanajua na ugonjwa umekata.

Tuanze na meno yenyewe. Huyu dada kazaliwa na kukulia Maji ya Chai, kule Arumeru upande wa Arusha, na mtu wa kanda hii akisikia tu Maji ya Chai anajua, meno ya kahawia. Ni floraidi hiyo, maji yanapita kwenye miamba ya volkano ya Meru yanabeba floraidi nyingi, Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita na vyanzo vingi kuzunguka ule mlima vinavuka hapo kwa mbali. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya ufizi, yanatoka yameshapata rangi. Sio uchafu jamani, na sio kwamba yameoza. Kuyachemsha maji hayo hakusaidii, yakipungua kwa mvuke floraidi inabaki palepale na maji yamekuwa kidogo zaidi, na magadi tunayotia kwenye makande na maharage nayo yanaongeza. Ndio maana Ngurdoto kuna kituo cha serikali kinachoshughulika na kuondoa floraidi kwenye maji, wanatumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuchuja.

Kwanini nimeanzia huku mbali? Kwa sababu huyu dada maisha yake yote ameambiwa meno yako mabovu. Shuleni alichekwa, amezoea kuongea ameziba mdomo na mkono, alikuwa anayasugua na mkaa mpaka ufizi unatoka damu akidhani ile rangi itaondoka, haiondoki kwa kusugua, unachoondoa ni ganda la juu la jino tu. Kwaiyo kwenye gego lake la chini kulia lilipotokea doa jeusi hakuona kitu kipya, kwake meno yote yana madoa. Mtu mwenye meno meupe angeshtuka kuona lile doa, ye lilipita tu. Hili linaniuma kwa kweli, maana wapo wengi sana huku kwetu wa hivi, wamekata tamaa na meno yao tangu wakiwa darasa la tatu, na jino ambalo mtu amelikatia tamaa hawezi kulipeleka hospitali.

Sasa kisa chenyewe hakikuanza ile usiku aliyoamka analia, kilianza miezi kabla. Alikuwa akinywa soda ya baridi jino linashtuka, sekunde chache linaacha. Hapo lilikuwa bado linaokoka kirahisi sana, kishimo kinasafishwa kinazibwa na unarudi kwenye biashara yako siku hiyohiyo. Baadae akinywa baridi linauma alafu linaendelea kuuma dakika kadhaa hata baada ya kumeza, na mwishoni likaanza kuuma na chai ya moto na ugali wa moto. Naomba hii muishike: jino likishaanza kuuma na vitu vya moto na maumivu yakawa yanabaki muda mrefu, mara nyingi kiini cha ndani, kile chenye mshipa wa fahamu na mishipa ya damu, kimeshavimba kiasi kwamba hakirudi tena. Kuanzia hapo kuziba peke yake hakutoshi, ni ama kutibu mzizi ama kung'oa. Yeye alikuwa ameshahamia kutafunia upande wa kushoto, akaona yameisha hayo.

Ijumaa usiku ndio likalipuka. Walikula nyama choma, amelala saa nne, saa sita yuko macho amekaa kitandani amejifunga kanga kichwani. Akilala linapwita, akikaa linapungua, akilala tena linapwita. Watu huwa wanashangaa kwanini jino linasubiri usiku, ni hivi, kidole kikivimba ngozi inatanuka lakini kile kiini cha jino kimezungukwa na ukuta mgumu pande zote, hakina pa kutanukia, kwaiyo presha yote inamkandamiza mshipa wa fahamu, na ukilala chali damu inaelekea kichwani zaidi ndio unasikia linagonga sambamba na moyo. Kwaiyo cha kwanza kabisa ambacho hakina gharama yoyote ni kulala umeinua kichwa, mito miwili mitatu au nguo zilizokunjwa. Hakikumwijia mtu yeyote nyumbani mle.

Cha kwanza alichofanya ni maji ya chumvi na alifanya sawasawa, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, anasukutua kama nusu dakika anatema, anarudia. Kilitoka kiuzi cha nyama kilichokuwa kimejibana kwenye kile kishimo na akapata ahueni kidogo. Ndio kazi ya maji ya chumvi hiyo, yanasafisha, yanatoa mabaki, yanapunguza uvimbe wa ufizi kidogo. Hayafiki kwenye kiini, ila hayana madhara na huwa nashauri kila mtu aanze nayo. Na kama chakula kimekwama tumia uzi wa meno au mswaki taratibu, njiti ya kiberiti na pini hapana, unaweza kukivunjia ndani kile kishimo au kuchana ufizi.

Alafu baba watoto wake akamletea pombe kali asukutue. Nielewe mtu anapofika hapo, ni saa saba usiku, mkeo analia, unashika chochote. Pombe kali inachoma ufizi alafu inatia ganzi kidogo kwa muda mfupi sana na baada ya hapo uko palepale. Ninachokiogopa ni kwamba mtu hatemi, anameza, ameshakunywa panadol nyingi usiku huo huo na zote mbili zinakwenda kwenye ini lilelile.

Kilichomuumiza ni kitunguu saumu. Jirani alimwambia ponda punje mbili, weka kwenye ufizi, zuia na pamba, lala nayo. Kitunguu saumu kweli kina nguvu, ukikiponda ndio inatengenezeka ile kemikali yenye harufu kali na inaua baadhi ya bakteria, lakini kemikali hiyohiyo ukiikandamiza kwenye nyama laini ya mdomoni masaa kadhaa inababua. Asubuhi ufizi wake ulikuwa mweupe kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto, na kesho yake ukabanduka. Kwaiyo akawa na vidonda juu ya jino linalouma. Nimeshayaona haya mara nyingi tu, na ya aspirini ni hivyohivyo, mtu anasaga kidonge anakijaza kwenye jino au anakibana shavuni kiyeyukie hapo, ile ni asidi inaunguza, aspirini kama imekufaa inamezwa na maji ikafanye kazi kupitia damu.

Sasa karafuu. Saa nane usiku alimpigia mama mkwe wake yuko Kibosho, mama akamwambia "mwanangu una karafuu za pilau humo ndani? Chukua moja weka pembeni ya hilo jino, ibane taratibu mpaka ilainike, usiimeze." Akafanya. Baada ya dakika chache ule upande ukaanza kufa ganzi, alfajiri akasinzia kidogo.

Mama mkwe alikuwa sahihi na ningependa watu wajue kwanini, sio kuamini tu kwa sababu ni ya zamani. Mafuta ya karafuu sehemu yake kubwa ni kitu kinaitwa eujenoli, hicho kinazuia mshipa wa fahamu kupeleka taarifa ya maumivu na kinapunguza uvimbe pia. Wenye taaluma ya meno wanakitumia mpaka leo, ile dawa nyeupe ya kuzibia jino kwa muda inachanganywa poda ya zinki na eujenoli, ndio maana ukiingia chumba cha daktari wa meno unasikia harufu ya karafuu. Yani harufu ya Pemba iko pale kwenye kiti cha hospitali. Hii sio imani ya bibi, ni dawa, na kwa sababu ni dawa ina namna yake ya kutumia na ina madhara.

Punje nzima kama alivyofanya yeye ndio salama zaidi kwa mtu mzima, inatoa mafuta kidogo kidogo. Kama una mafuta yenyewe yale ya kwenye kichupa usiyatie mazima, changanya tone moja au mawili kwenye kijiko cha chai cha mafuta ya kula, nazi au alizeti, chovya pamba, ikamue isichuruzike, gusa pale kwenye jino lenyewe alafu itoe. Mafuta matupu yanaunguza ufizi kabisa. Mtoto mdogo usimpe, akimeza hata kiasi kidogo cha mafuta hayo inaweza kumletea shida kubwa ya ini na degedege, kichupa kikae mbali kama unavyoweka mbali mafuta ya taa. Na karafuu ya kusaga usiijaze kwenye kishimo ukaiacha, inabaki humo na mabaki ya chakula mnazidisha kuoza. Ukitumia mfululizo siku nyingi inachubua hata punje. Ni ya usiku mmoja, siku mbili, wakati unajipanga.

Mama alisema pia achemshe majani ya mpera asukutue yakipoa. Sina ubaya nayo, yana ukakasi unaokaza ufizi, kama yapo uani sukutua, zaidi ya hapo usiyategemee.

Kitu kingine alichoniambia ambacho yeye alikiona cha ajabu na mimi kilinishtua kuliko vyote: kuelekea asubuhi maji ya baridi yakawa yanamtuliza. Jino lililokuwa linaruka kwa baridi miezi yote ile, sasa anashika funda la maji ya friji mdomoni ndio anapata nafuu, yakipata joto anatema anachukua mengine, alitembea na chupa. Ukiona hivyo kiini kiko kwenye hatua za mwisho. Baridi inasinyaza ile presha ya ndani. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa ukaiweka nje ya shavu dakika 15 hivi, unapumzika unarudia, inasaidia kwa mtu yeyote, lakini ukifika mahali pa kutembea na chupa mdomoni jua muda umekwisha.

Jumamosi asubuhi akaja kwangu. "Dokta nipe ile kali kabisa, na antibayotiki juu." Mimi sio dokta, huku watu wanatuita hivyo wote tulio nyuma ya kaunta, na kwa sababu wanatuita hivyo ndio inabidi tuwe waangalifu zaidi. Nikamuuliza dada una vidonda vya tumbo? Pumu? Mimba? Figo, presha? Usiku umekunywa nini na nini? Hayo maswali watu wanaona ni usumbufu, mtu ana maumivu unamuuliza habari ya tumbo, lakini dawa za kundi la ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumtoboa tumbo mwenye vidonda, zinaweza kumbana mwenye pumu, mjamzito hatakiwi kujinunulia tu. Hakuwa na kimoja. Nikampa paracetamol vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya masaa 6, visizidi 8 kwa siku nzima, na ibuprofeni miligramu 400 kila masaa 8 baada ya kula. Hizo mbili kwa pamoja kwa jino zinafanya vizuri sana, watu wengi wanatafuta kitu kikali zaidi wakati hawajawahi kuzitumia hizi mbili kwa dozi sahihi na kwa saa. Asichanganye ibuprofeni na diklofenaki, ni ndugu wa ukoo mmoja, anaongeza madhara tu.

Antibayotiki sikumpa, na tulibishana kidogo. Hakuwa na uvimbe shavuni, hakuwa na homa, hakuwa na usaha. Maumivu ya kiini kilichovimba sio ya kutibiwa na amoxicillin, na kiini kikishakufa ndio kabisa, damu haipiti tena mle ndani na antibayotiki inasafiri kwa damu, itafikaje? Mtu anameza dozi, jino linaacha kuuma kwa sababu zake, anaisifia dawa. Nikamwambia dada yangu hizi dawa ni za kukufikisha Jumatatu asubuhi kwenye dirisha la meno, hospitali ya Mawenzi wapo, hospitali ya KCMC wapo, chagua pa kwenda lakini Jumatatu uende. Akasema sawa.

Jumapili akaenda kwenye meza yake maana ndio siku ana wateja, na pale kila mtu ana dawa. Mmoja akamwambia ugoro. Mwingine akamwambia mzizi wa ndulele, na kwamba kuna mtu anakufukiza moshi wa mbegu zake wadudu wa jino wanadondoka unawaona kwa macho. Hakuna wadudu kwenye jino. Kinachotoboa jino ni bakteria wasioonekana kwa macho, wanakula sukari iliyobaki kwenye meno wanatoa asidi, asidi inalika jino taratibu, vile vinavyodondoka kwenye moshi havikutoka mdomoni mwako. Ndulele nayo ni sumu, hasa yale matunda ya njano, na yanaota kila mahali pembezoni mwa barabara watoto wanachezea. Na kuna kijana mmoja wa bodaboda, hakuwa na nia mbaya, akamwambia adondoshee maji ya betri, "linakufa palepale halisumbui tena." Ile ni asidi ya salfa. Inakula jino, inakula ufizi, inakula ulimi na koo ikiteleza. Nashukuru aliogopa. Nimeliandika hili kwa kulisema waziwazi kwa sababu bado kuna watu wanashauriana hivi wakiwa na akili zao timamu, na nikiulizwa nimtaje mshauri mmoja hatari kuliko wote kwenye kisa hiki ni huyo.

Jumatatu asubuhi simu. "Dokta, limeacha! Limeacha kabisa, nimelala usiku kucha, nimekunywa chai ya moto wala halikushtuka." Nilimwambia hiyo sio habari njema kama unavyodhani, nenda hivyohivyo. Lakini siku hiyo kulikuwa na belo jipya linafunguliwa na ukichelewa wenzako wanachagua nguo nzuri zote, watoto wana ada, na jino haliumi. Hebu jiweke kwenye nafasi yake. Angeenda nani?

Hapa ndio penyewe. Jino lililouma vile, likaja likanyamaza ghafla bila daktari kuligusa, halijapona, mshipa wake wa fahamu umekufa. Halihisi baridi wala moto kwa sababu hakuna kilichobaki cha kuhisi. Bakteria wako mle ndani wanaendelea, wana chakula na hakuna ulinzi wowote wa mwili unaowafikia, wanateremka kwenye mfereji wa mzizi mpaka kwenye ncha yake ndani ya mfupa wa taya. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi, kimya. Na muda wote huo mgonjwa anatangaza dawa. Huyu dada alimwambia kila mtu Memorial kwamba karafuu ilimponya, watu wakanunua karafuu, na wala hakuwa anadanganya maana karafuu ilimtuliza kweli ile Ijumaa usiku. Ila kilichomaliza maumivu Jumatatu sio karafuu, ni jino kufa. Ukizungumza na wenye kusifia mzizi fulani au moshi fulani, ukiuliza vizuri mpangilio wa siku, mara nyingi utaukuta huohuo: liliuma sana, nikaweka kitu, likaacha mara moja, likakaa kimya, baadae taya ikavimba, na ule uvimbe wanauhesabu ni ugonjwa mwingine mpya.

Wiki chache baadae akaanza kuhisi lile jino kama limerefuka, akibana meno ndio linatangulia kugusa, na linauma akitafuna. Hilo ni usaha ulio chini ya mzizi unalisukuma. Akarudi kwenye karafuu, ikawa haifanyi kitu. Haiwezi, ganzi ya karafuu inafanya kazi kwenye mshipa ulio hai karibu na juu, jipu liko chini kabisa kwenye mfupa. Akaongeza karafuu. Siku mbili shavu la kulia limejaa, ngozi inang'aa, homa, mdomo haufunguki vizuri, kijiko kinaingia kwa shida. Mtu wa pembeni yake akamshauri akande na maji ya moto, akakanda, uvimbe ukazidi kuenea. Usikande jipu la jino kwa moto nje ya shavu, tumia baridi.

Alipokuja dukani jioni nilimwangalia tu usoni nikamwambia hapa hakuna cha kununua. Nilichomkagua ni vitu vitatu: chini ya kidevu na shingoni pamekuwa pagumu? Anameza mate yake au yanamtoka? Anapumua sawa, sauti yake ni ileile? Kwa sababu uvimbe wa jino la chini ukishuka chini ya ulimi na shingoni unaweza kuziba njia ya hewa, mtu anakufa kwa jino, na hilo halisubiri asubuhi wala Jumatatu, ni kupanda gari usiku huohuo kwenda hospitali yenye dharura. Yeye alikuwa anameza na anapumua vizuri lakini homa ipo na mdomo umebana, akaondoka na mume wake muda uleule na bodaboda.

Hospitali walimpiga eksirei, wakaona weusi kwenye ncha ya mzizi, mfupa umelika. Wakapasua usaha kwanza, hapo ndio akapewa antibayotiki, na hapo ndio mahali pake, kukiwa na uvimbe unaoenea na homa. Alitamani waling'oe palepale, wakamweleza kwamba penye usaha mwingi sindano ya ganzi inashika kwa shida maana ile sehemu ina asidi, wakampangia kurudi uvimbe ukipungua. Aliporudi walimpa uchaguzi, kutibu mzizi au kung'oa. Kutibu mzizi jino linabaki lakini ni kwenda zaidi ya mara moja na gharama ni kubwa zaidi, na lile lilikuwa limelika sana juu, akachagua kung'oa. Siwezi kumlaumu hata kidogo. Ila mwanzoni kabisa, enzi za soda ya baridi, ingekuwa ni kuziba tu.

Baada ya kung'oa maji ya chumvi yakapata kazi tena, ila sio siku hiyohiyo, watu wanakosea hapa. Siku ya kwanza hutakiwi kusukutua kabisa, unang'ata ile pamba nusu saa au zaidi, hutemi temi, huvuti sigara, hunyonyi kwa mrija, kwa sababu damu iliyoganda kwenye tundu ndio kifuniko cha mfupa, ikitoka unapata maumivu mabaya kuliko ya jino lenyewe. Kesho yake ndio unaanza maji ya chumvi ya vuguvugu, taratibu, baada ya kula. Alifanya hivyo, pakafunga vizuri.

Sasa hivi mtu akija kwangu na jino namuuliza swali moja ambalo zamani halikuwa la kwanza: liliwahi kuuma sana kipindi cha nyuma likaacha lenyewe? Akisema ndio, hata kama leo haliumi na amekuja kununua kitu kingine kabisa, namwelekeza dirisha la meno. Kama ana bima ya afya ya NHIF namkumbusha kuchukua kadi, maana wengine wanayo na hawajawahi kuwaza kuitumia kwa jino. Na karafuu bado namshauri mtu mwenye usiku mgumu mbele yake, punje moja, kichwa kimeinuliwa, paracetamol kwa saa.

Mtoto mkubwa wa yule dada ana miaka 6, na gego lake la kwanza la ukubwani limeanza kuota nyuma kabisa ya meno ya utoto. Wazazi wengi wanadhani nalo ni la utoto litang'oka lije lingine, hakuna lingine, hilo ndio la maisha, na ni jino lilelile lililomtoka mama yake. Nilimweleza hivyo akiwa na mtoto pale kaunta, akampeleka wiki iliyofuata. La mtoto limekutwa zima, wakamwonyesha namna ya kulipiga mswaki mpaka nyuma huko, na yeye mwenyewe wakamkuta na kishimo kidogo kwenye gego la juu, bado halijaanza hata kushtuka, likazibwa siku hiyohiyo na jioni alikuwa Memorial anauza.